Kissenji, Kisenyi, Gisenyi: mji mmoja, midomo mingi



Juzi tulikuwa tunasaidia kwenye foleni ya chakula. Mwenye orodha akaita jina la mtoto mmoja. Kimya. Akaita tena, kimya. Jina linaanza na Cy-, yeye akasoma "Siya". Mama wa mtoto alikuwa pale pale mbele, ila hakujua kama ni wao wanaitwa. Walipewa mwisho, watu wote wameshapita. Tukaona kumbe kutamka jina la mtu si jambo dogo, na halikuanza leo.

Angalieni huu mji wenyewe. Wajerumani walipotawala waliandika Kissenji. Kwa nini s mbili? Mjerumani akikuta s moja katikati ya vokali anaisoma z. Na j kwake ni y yetu. Basi waliandika kwa ajili ya mdomo wao. Wabelgiji wakauteka mji 1916, nao wakawa wanaandika Kisenyi. Ila mwenyeji anasema Gisenyi.

Hiyo G ina sababu. Katika Kinyarwanda, ki- inageuka gi- ikifuatwa na sauti kama s, t au k. Sisi tunasema kitabu, wao igitabo. Sisi kitanda, wao igitanda. Ndiyo maana kuna Gisenyi na Gitarama, lakini Kigali, Kibuye na Kivu zimebaki na K. Burundi pia iko hivyo: wakoloni waliandika Kitega, leo ni Gitega. Hata Kenya, wengi tunasema Kikuyu, wenyewe wanasema Gikuyu.

Na tusiwalaumu Wazungu peke yao. Wabelgiji waliita nchi hizi Ruanda-Urundi. Hiyo U ya Urundi ni ya Kiswahili, kama Uganda. Wenyewe wanasema Burundi. Usumbura nayo ikawa Bujumbura wakati wa uhuru, 1962.

Kwa nyinyi mliofika juzi, shikeni haya machache:

Cy ni ch. Sekta ya Cyanzarwe inaanza na "Cha".

Rw ina g ndogo ndani yake. Mwisho wa Cyanzarwe unasikika kama "rgwe", na Rwanda kama "Rgwanda".

L ya Kigali mdomoni inakuwa karibu na r.

B ya Rubavu ni laini, midomo haifungi kabisa.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Kwa sababu jina likikosewa kwenye karatasi ya kwanza, kosa linatembea. Kwenye kadi uko hivi, kwenye cheti cha shule uko vile, halafu siku moja unaambiwa uthibitishe kama wewe ni wewe. Mji ulirudishiwa G yake. Mtoto wa foleni naye anastahili Cy yake.

Kwa hiyo sisi tukishika orodha, tuulize kwanza: "Mama, mtoto anaitwa nani?" Tusikie, turudie mbele yake, ndio tuandike. Na wewe ukiitwa vibaya, usiitikie tu kwa aibu. Sema jina lako polepole, mara mbili, mpaka lisikike.