Undugu wa Luapula ni wa mbele ya mupaka



Wengi wetu tulivuka kuingia Zambia mu mwezi wa kumi na mbili 2000, wakati Pweto ilianguka. Tulilala ku kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Watoto wetu wanauliza: juu ya nini watu wale walitupokea? Jibu moja liko ku karatasi, maana Zambia iliingia mu mapatano ya Geneva ya wakimbizi. Lingine ni la zamani zaidi, njo tunaliandika hapa.

Kiti cha Walunda kilikuwa Musumba, kwa Mwata Yamvo, mu Lualaba ya leo. Mu miaka ya 1700 Walunda wamoja walikwenda mashariki, wakavuka Luapula, na Mwata Kazembe akatawala kule. Kwa miguu, kutoka Musumba mupaka kule ilikuwa safari ya miezi. Askari hawangetosha kuishika inchi ya mbali vile. Desturi njo iliishika: mutu akirithi kiti, anarithi jina la marehemu pamoja na undugu wake. Kiti kikiitwa mutoto wa kiti kingine, kila mwenye kukikalia ni mutoto, hata akiwa muzee kupita baba yake. Zawadi, ushuru na habari vilipita mu njia ile. Tusiipambe sana: watumwa pia walipita mule.

Tarehe 12 mwezi wa tano 1894, Uingereza na Leopold wa pili walipatana, Luapula ikawa mupaka. Lakini Kibemba kilibaki ngambo zote mbili. Na kila mwezi wa saba, Mwansabombwe, Mwata Kazembe anacheza Mutomboko na upanga na shoka, kukumbusha safari ya babu zake kutoka Congo. Watu wenye kusherehekea vile hawawezi kutuona wageni kabisa. Undugu haukutuondolea njaa, lakini ulitufungulia mulango.

Mu mwezi wa nane 2024, Zambia ilifunga Kasumbalesa siku chache juu ya marufuku yetu ya vinywaji vyake. Siku kama zile matusi yanatoka mbio. Siye tusiyatoe, na watoto wetu tuwakataze.

Ku mukutano unaokuja, kila mutu alete majina ya wale waliomupokea ngambo. Tutayaandika mu daftari ya chama. Siku tutakufa, watoto warithi pia undugu ule.