Mstari wa Dhahabu, kutoka Redditch hadi Madras

Redditch, mji wa katikati ya Uingereza, ulipata sifa kwanza kwa sindano. Kampuni ya George Townsend, iliyoanzishwa jirani na hapo mwaka 1851, ilitengeneza sindano za kushonea kabla ya kuingia kwenye baiskeli. Mwaka 1893 waliochukua kiwanda hicho walipata zabuni ya vipuri vya bunduki kwa kiwanda cha silaha cha Enfield, na hapo likazaliwa jina la Royal Enfield. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka 1901. Bullet, yaani risasi, ilifuata 1932.

Pikipiki za enzi hizo zilirithi pambo la magari ya farasi: mstari mwembamba wa rangi, uliochorwa kwa mkono kufuata umbo la chombo.

India ilipopata uhuru, jeshi lake lilihitaji pikipiki za doria, na Bullet ya cc 350 ikachaguliwa. Mwaka 1955 Waingereza waliungana na Madras Motors kuunda Enfield India, na kiwanda kikasimama Tiruvottiyur, kaskazini mwa Madras, jiji tunaloliita Chennai leo. Mwanzoni vipande vililetwa kwa meli na kuunganishwa tu. Baadaye mitambo yenyewe ikavuka bahari. Kiwanda cha Redditch kilifungwa 1967. Madras haikuacha kuitengeneza Bullet.

Mitambo ilikuja imefungwa kwenye makasha. Lakini mkono wa kuchora mstari ilibidi ulelewe hapo hapo Madras, nao ukalelewa hasa. Kazi hiyo ikaja kujulikana kwa jina la jiji, mistari ya Madras, na kwa miaka mingi iliyoibeba ni mikono ya ndugu wawili.

Tazama inavyofanyika. Tangi la mafuta limekwisha kupakwa rangi na kufutwa vumbi na alama za vidole. Fundi anachovya brashi nyembamba yenye nywele ndefu. Urefu huo ndio unaobeba rangi ya kutosha kumaliza mkunjo mzima bila kurudi koponi. Kidole kidogo kinaegemea tangi, na mkono wote unafuata. Hana rula wala karatasi ya gundi. Brashi anaivuta, haisukumi, na kwenye kona anaizungusha taratibu kati ya dole gumba na shahada ili mstari usinenepe. Akitetereka, anafuta na kuanza upya.

Kazi nzito, kwa maoni yangu, ni upande wa pili. Mkono ni ule ule, lakini umbo limegeuka, na mstari wa kulia lazima ulingane na wa kushoto. Ukikaribia sana utaona mahali brashi iligusa chuma na mahali ilipoinuliwa. Stika haina mwanzo wala mwisho wa namna hiyo.

Basi wewe uliyerithi Bullet ya zamani kutoka kwa baba au babu, usikimbilie kukwangua tangi ili ling'ae. Piga picha kwanza, kila upande. Pima upana wa mstari na umbali wake kutoka ukingoni, uandike. Msasa ukishapita, hakuna pa kuutazama mstari tena.