Ukoo wa Jupiter: Injini iliyotua Dodoma na binamu zake wa Japani

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, msafiri aliyetaka kutoka London hadi Cape Town bila kupanda meli alikaa njiani siku kumi na zaidi, na Dodoma ilikuwa moja ya vituo vyake. Ratiba ya kampuni ya Imperial Airways ilimleta hadi Kisumu, kisha Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, ndipo avuke kwenda Mpika na Broken Hill katika Zambia ya leo. Ndege ya kwanza ya barua katika njia hiyo iliondoka Croydon, London, Januari 20, 1932. Abiria walianza kupokewa mwezi Aprili.

Kutoka Kisumu kwenda kusini, kazi ilifanywa na DH.66 Hercules, ndege yenye mabawa mawili yaliyopandana, iliyochukua abiria 7 na shehena ya barua. Mwendo wake ulikuwa takriban kilomita 177 kwa saa. Treni ya SGR inayoingia Dodoma leo kwa kasi ya juu ya kilomita 160 ingeachwa kidogo tu. Injini zilikuwa tatu, moja puani na mbili katikati ya mabawa, zote za aina moja: Bristol Jupiter, yenye silinda 9 na nguvu farasi 420.

Wakazi wa Chang'ombe (nasema Chang'ombe ya Dodoma, si ile ya Temeke) wamezoea kuona ndege zikishuka, kwa kuwa kiwanja kiko ndani ya jiji na kile kipya cha Msalato bado kinajengwa. Kwenye gereji wamezoea Subaru, Nissan, Isuzu na Hino. Hayo yanaonekana kuwa mambo mawili yasiyojuana, lakini yana babu mmoja katika historia ya injini, na babu huyo aliwahi kutua hapa hapa.

Jupiter ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Roy Fedden akishirikiana na mchoraji wake Leonard Butler, katika mji wa Bristol, na ikawashwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1918, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Ilizaliwa vibaya, maana vita ilipokoma serikali haikuwa na haja ya injini mpya. Kampuni iliyoitengeneza, Cosmos Engineering, ilifilisika mwaka 1920, na kampuni ya ndege ya Bristol ikainunua kwa pauni 15,000. Sidhani kama kuna mtu katika biashara ya ndege aliyewahi kupata mali kwa bei ya chini namna ile. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, Jupiter ilikuwa ikitengenezwa kwa leseni Ufaransa, Ujerumani, Italia, Poland, Urusi ya Kisovieti na Japani.

Muundo wake ndio tutakaouita injini ya nyota. Silinda hazikupangwa mstari mmoja kama za lori. Zimeizunguka kranki kama watu walioketi kuzunguka sinia, kila mmoja akinyoosha mkono katikati. Konrodi moja kuu ndiyo inayokamata kranki, na zile nane nyingine zimejishikiza kwenye kichwa chake. Idadi ya silinda katika kila duara lazima iwe witiri, na sababu yake inapendeza. Injini ya mipigo minne huwasha kila silinda mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, kwa hiyo ili milipuko ipishane kwa nafasi sawa, moto huruka silinda moja: 1, 3, 5, 7, 9, kisha 2, 4, 6, 8, halafu unaanza upya. Weka silinda nane au kumi katika duara moja na mpango huo unagoma.

Upoozaji wake ni wa hewa. Hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji, hakuna mpira wa kupasuka angani. Kwa ndege inayotua Ugogo wakati wa kiangazi, kwenye kiwanja kilicho mita 1,119 juu ya usawa wa bahari, hiyo haikuwa faida ndogo. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi na injini hupoteza kiasi cha moja ya kumi ya nguvu zake hata kabla ya joto kudai sehemu yake. Kubeba na maji juu ya hayo kungekuwa kujitafutia taabu.

Huko Japani, Nakajima Chikuhei, ofisa wa zamani wa jeshi la majini, alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1917 katika mji wa Ota. Katikati ya miaka ya 1920 alijenga kiwanda cha injini Ogikubo, Tokyo, na akapata leseni ya Jupiter. Mafundi wake waliitengeneza kama ilivyo, wakaijua kila parafujo. Mwaka 1930 wakatoa ya kwao, Kotobuki, yenye silinda 9.

Hapa ndipo fundi yeyote anaweza kuwa mpelelezi. Tundu la silinda ya Jupiter lina kipenyo cha milimita 146. La Kotobuki ni milimita 146. Wajapani walichofupisha ni safari ya pistoni, kutoka milimita 190 hadi 160, ili injini ipungue kimo na izunguke kwa kasi zaidi, huku wakichota mawazo mengine kutoka injini ya Kimarekani ya Wasp. Walipotaka nguvu zaidi wakapanga duara mbili za silinda saba saba, wakapata injini ya silinda 14 iliyoitwa Ha-5. Tundu lake? Milimita 146. Nenda Ufaransa kwa Gnome-Rhône, waliokuwa wamenunua leseni ileile, nao wana injini yao ya silinda 14, iitwayo 14K, yenye tundu la milimita 146. Wajapani walijifunza kutoka kwa hiyo ya Wafaransa pia, kwa hiyo urithi wa Fedden uliwafikia kwa njia mbili.

Kuna watu wanaosema Wajapani waliiga tu. Nadhani wanaosema hivyo hawajawahi kufungua injini. Hatua iliyofuata inawajibu vizuri. Nakajima waliichukua Ha-5, wakaipunguza mwili: tundu milimita 130, safari ya pistoni milimita 150, silinda zilezile 14. Ndiyo Sakae. Ujazo wake wote ni lita 27.9, ilhali Jupiter ilikuwa na lita 28.7. Sakae ya mwanzoni mwa vita ilitoa takriban nguvu farasi 940, zaidi ya mara mbili ya Jupiter zilizotua Dodoma, kwa ujazo mdogo zaidi, na kwa uso mwembamba unaopenya hewa. Kati ya Jupiter hizo za Dodoma na Sakae ni miaka kumi na kitu tu.

Sakae ndiyo iliyoibeba Zero, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Japani. Ndege hiyo ilibuniwa na Horikoshi Jiro wa Mitsubishi, na iliporuka kwa mara ya kwanza Aprili 1, 1939 ilikuwa na injini ya Mitsubishi yenyewe, Zuisei. Jeshi la majini likataka nguvu zaidi, na mfano wa tatu wa majaribio ukafungwa Sakae ya mshindani wao Nakajima. Mitsubishi wakameza hilo. Zaidi ya Zero 10,000 zilitengenezwa, na nyingi kati ya hizo zilitoka kwa Nakajima. Injini za Sakae zilipita 30,000, kwa kuwa jeshi la nchi kavu nalo lilizifunga kwenye Ki-43, ndege yake kuu ya kivita katika anga la Burma, ambako askari wetu wa Keya walipigana na Wajapani.

Wakati huo Dodoma ilikuwa imeshapoteza nafasi yake. Juni 1937 Imperial Airways walihamishia njia kuu pwani, kwa ndege kubwa zinazotua majini: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji hadi Durban. Bara kavu halikuwa na cha kuzipokelea. Ndege hizo zilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus, mtoto halisi wa Jupiter, mwenye silinda 9, tundu lilelile la milimita 146 na safari ileile ya 190, lakini nguvu farasi zaidi ya 900. Ukoo uleule uliokuwa umeiweka Dodoma kwenye ramani ya anga ndio ulioifuta.

Aprili 5, 1942, Jumapili ya Pasaka, binamu hao walikutana. Ndege kutoka manowari tano za kubeba ndege za Admirali Nagumo wa Japani zilishambulia Colombo, kisiwani Ceylon, na katika shambulio hilo Zero ziliziangusha ndege sita za Swordfish za Waingereza, ndege za mabawa mawili zilizokuwa zikiruka kwa injini za Pegasus. Mashine mbili zilizotokana na mchoro mmoja wa Bristol, moja ikiwa imebaki karibu na babu yake, nyingine ikiwa imekwenda mbali sana. Siku nne baadaye manowari ya Kiingereza Hermes ikazamishwa karibu na kisiwa hichohicho cha Ceylon, na Admirali Mwingereza Somerville akalazimika kulitegemea gati la Kilindini, Mombasa, kama kituo cha nyuma. Vita ya Hitla, kama wazee walivyoiita, ikawa ya Wajapani pia kwa watu wa pwani yetu.

Wakaja karibu zaidi ya hapo. Mei 1942 nyambizi ya Kijapani I-30 ilipita kusini kutoka Aden na Djibouti ikichungulia bandari. Ilibeba ndege ndogo ya kukunjwa iitwayo E14Y, ya watu wawili, yenye maboya ya kutulia majini. Ndege hiyo iliruka kupeleleza Zanzibar na Dar es Salaam. Injini yake ilikuwa ya nyota vilevile, silinda 9, nguvu farasi zipatazo 340, jina lake Tempu. Haikuwa ya Nakajima. Ilitoka kampuni ya Tokyo Gasu Denki, ambayo idara yake ya ndege baadaye ilichukuliwa na Hitachi, na ambayo idara yake ya magari ndiyo chimbuko la Hino na sehemu ya chimbuko la Isuzu. Kwa hiyo jamaa wa Hino waliwahi kufika Dar es Salaam kwa njia ya anga, bila kualikwa, miaka mingi kabla ya lori zao kuwa za kawaida barabarani. Mwisho wa mwezi huohuo nyambizi za kundi la I-30 ziliipiga manowari ya Kiingereza Ramillies bandarini Diego Suarez, Madagaska. I-30 yenyewe ilifika hadi Lorient, Ufaransa, mwezi Agosti, ikarudi Asia, na Oktoba ikazama Singapore kwa bomu la majini.

Mwisho wa ukoo huu katika vita ni Homare. Mhandisi kijana wa Nakajima, Nakagawa Ryoichi, alichukua silinda za vipimo vya Sakae, akazipanga 18 badala ya 14, tisa kwa kila duara, na akaweza kuzibana ndani ya kipenyo cha sentimita 118, sentimita tatu tu zaidi ya Sakae. Nguvu farasi zilikaribia 2,000. Karatasini ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na mimi bado naiona hivyo. Lakini ilibuniwa kwa ajili ya mafuta bora ya oktani 100, na Japani ilikuwa imekatiwa mafuta na Marekani tangu 1941. Ikalazimika kunywa mafuta hafifu huku ikipuliziwa maji na methanoli ili isigonge. Metali nzuri ziliadimika, mafundi stadi walipelekwa vitani na nafasi zao kujazwa na wanafunzi. Mwishoni wananchi walikuwa wakichimba mizizi ya misonobari ili ikamuliwe mafuta. Homare zilivuja, zikapoteza nguvu kwenye kimo, zikakataa kuwaka. Baada ya vita Wamarekani waliijaribu moja, katika ndege ya Ki-84, kwa mafuta yao na plagi zao, na ikaenda kwa kasi ambayo marubani wake wa Kijapani hawakuwa wameizoea.

Nakajima walipigwa marufuku kutengeneza ndege na kampuni ikavunjwa vipande. Mwaka 1953 baadhi ya vipande hivyo viliunda Fuji Heavy Industries, watengenezaji wa Subaru. Zile nyota sita kwenye nembo, moja kubwa na tano ndogo, zinawakilisha kampuni hiyo na zile tano zilizoungana ndani yake. Kiwanda cha Ogikubo, kilichoanza na Jupiter, kilifuata njia nyingine: kikawa sehemu ya kampuni ya magari ya Prince, na Prince ikaungana na Nissan mwaka 1966. Nakagawa alikwenda nacho, akawa miongoni mwa wakuu wa uhandisi. Skyline ilianzia Prince kabla ya kuwa Nissan.

Kwa anayetaka kuisikia Sakae kwa masikio yake, jumba la makumbusho la Planes of Fame, mjini Chino, California, lina Zero inayoruka na injini yake halisi. DH.66 Hercules, zile za Dodoma, zilitengenezwa 11 tu, na hakuna hata moja iliyobaki.