Damu ya mama inapoikataa damu ya mtoto

Kingamwili isiyotarajiwa ni ile inayokutwa katika damu ya mjamzito bila kuwa sehemu ya kundi lake la kawaida. Mtu wa kundi O huwa na kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni, na hilo halimshtui mtaalamu wa maabara. Kinachomfanya arudie kipimo ni kingamwili dhidi ya alama nyingine za chembe nyekundu: Rhesus, Kell, Duffy, Kidd na wenzake. Nyingi kati ya hizo hutokea kwa sababu mwili umewahi kukutana na damu ngeni, ama kwa kuongezewa damu, ama kwa mimba, iwe ilifika mwisho au ilitoka. Si ugonjwa wa mama, wala hazina uhusiano na vipimo vya VVU na kaswende ambavyo huchukuliwa damu siku hiyo hiyo ya kliniki.

Habari hizi zilianza kueleweka mwaka 1939, pale Philip Levine na Rufus Stetson walipochapisha kisa cha mwanamke wa miaka 25 wa New York aliyejifungua mtoto mfu. Aliongezewa damu ya mumewe, kwa kuwa wote wawili walikuwa kundi O, na papo hapo akashikwa na baridi na maumivu. Maji ya damu yake yalipojaribiwa kwa chembe za watu 104 wa kundi hilo hilo, za watu 80 zilishikana. Levine alikisia kwamba mtoto alirithi kwa baba alama ambayo mama hakuwa nayo, na mwili wa mama ukaipiga vita. Mwaka uliofuata Karl Landsteiner, aliyekuwa amegundua makundi ya A, B na O huko Vienna, pamoja na Alexander Wiener, walitangaza alama iliyopewa jina la nyani aina ya rhesus. Kufikia 1941 Levine alikuwa ameihusisha na ugonjwa uliokuwa ukiua vichanga kwa umanjano na upungufu wa damu.

Palibaki tatizo moja: akina mama wengi waliozaa watoto wagonjwa hawakuonyesha lolote maabara. Kingamwili zao zilikuwa ndogo mno kuunganisha chembe mbili, kwa hiyo zilijibandika kimya kimya na chembe hazikushikana. Jibu lilitoka kwa Robin Coombs, aliyesomea udaktari wa mifugo kabla ya kuingia katika utafiti wa kinga. Wazo lilimjia ndani ya treni yenye taa hafifu wakati wa vita, akirudi Cambridge kutoka London. Ukimchoma sungura maji ya damu ya binadamu, sungura hutengeneza kingamwili dhidi ya kingamwili za binadamu. Ukizidondosha kingamwili hizo za sungura kwenye chembe zilizobandikwa, chembe hushikana mbele ya macho. Coombs, Arthur Mourant na Robert Race walichapisha kipimo hicho mwaka 1945. Baadaye iligundulika kwamba Mwitalia Carlo Moreschi alikuwa ameeleza kanuni hiyo hiyo mwaka 1908, na hakuna aliyemsikiliza.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya vita Mourant aliongoza maabara ya rejea ya makundi ya damu mjini London, akaanza kuchora ramani ya damu ya dunia. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alijiunga na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za makabila mbalimbali kwa ajili ya ramani hiyo. Allison anakumbukwa zaidi kwa jambo la pembeni: aliona chembe mundu zimejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu, akaunganisha jambo hilo na malaria. Matokeo ya makundi ya damu, aliyoyachapisha mwaka 1952 na Mourant na wenzao, hayasomwi sana. Ni hasara, kwa sababu yalionyesha kwamba damu ya eneo hili si ya namna moja.

Alama ya Duffy inatosha kuwa mfano. Iligunduliwa London mwaka 1950 kwa mgonjwa aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, kisha ikaonekana kwamba Waafrika wengi hawana kabisa alama hiyo kwenye chembe zao. Katika miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba kutokuwa nayo humkinga mtu na malaria ya vivax. Lakini Ethiopia, waliko ndugu wa Waborana wa Kenya, vivax ni ya kawaida na watu wengi wana Duffy. Na Gotu, kijiji cha Kenya kilicho kando ya mto Ewaso Nyiro kwenye barabara ya Isiolo kwenda Merti, kiko mahali ambapo Waborana na Waturkana wanapakana na kugawana malisho. Chupa ya damu ikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine inaweza kubeba alama ambazo upimaji wa A, B, O na Rhesus hauzioni.

Kwa alama ya Rhesus, kinga ilipatikana katika miaka ya 1960. Kikundi cha Liverpool na kingine cha New York, kila kimoja kwa njia yake, kilijaribu kumchoma mama kingamwili ya anti-D, yaani dhidi ya alama kuu ya Rhesus, ili chembe za mtoto zilizoingia kwake ziondolewe kabla mwili wake haujazitambua. Dawa ilianza kuuzwa mwaka 1968. Ule muda wa saa 72 baada ya kujifungua, ambao kila mkunga anaujua, haukutokana na maumbile. Majaribio ya New York yalifanyiwa wafungwa wa kujitolea wa jela ya Sing Sing, na ratiba ya jela ndiyo iliyoweka siku tatu. Sindano nyingine hutolewa kwenye wiki ya 28 ya mimba.

Mama wa Gotu anapoanza kliniki, Kijitabu cha Mama na Mtoto kina nafasi ya kuandika kundi la damu na Rhesus. Walio hasi, yaani wasio na alama hiyo ya Rhesus, nchini Kenya ni kama wanne katika kila mia, ilhali Ulaya ni kama kumi na watano. Uchache huo una sura mbili. Tatizo ni la wachache, lakini mume wa mama hasi karibu daima ni chanya, hivyo mimba zake nyingi ziko hatarini. Sindano ya anti-D ni ghali, na mara nyingi familia huambiwa ikainunue mjini. Uchunguzi kamili wa kingamwili haufanywi kwa kila mjamzito katika vituo vingi vya umma. Kwa kawaida jambo hujitokeza pale hospitali kubwa inapolinganisha damu ya mgonjwa na ya mtoaji na chembe zikashikana.

Kingamwili ikionekana, jina lake ndilo la kwanza kuulizwa. Zile dhidi ya alama za Lewis hujitokeza sana wakati wa mimba na hazipiti kwenye kondo, kwa hiyo mtoto hana la kuogopa. Anti-D nayo yaweza kuwa mabaki ya sindano iliyochomwa wiki chache kabla. Bila rekodi, mama hudhaniwa ameathirika. Anti-D yake mwenyewe hufuatiliwa kwa kiwango, na kikifika 1:16 au 1:32, kulingana na maabara, mtoto huanza kuangaliwa. Anti-Kell hudanganya, kwa kuwa inazuia hata utengenezaji wa chembe za mtoto, na kiwango kidogo kinaweza kuleta madhara makubwa. Tangu mwaka 2000 upungufu wa damu wa mtoto hukadiriwa kwa ultrasound inayopima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo, na penye ulazima huongezewa damu akiwa tumboni, kazi iliyoanzishwa na William Liley wa New Zealand mwaka 1963.

Baadhi ya kingamwili hufifia baada ya miezi hadi zisionekane kwenye kipimo, kisha hurudi kwa nguvu damu yenye alama ile inapoingia tena. Ndiyo maana jina la kingamwili huandikwa kwenye kijitabu au kadi ambayo mama hubeba mwenyewe, ili kituo cha Merti au Garba Tula kitakachompokea baadaye kisitegemee kipimo kipya peke yake.