Baridi Nayo Hufanya Kazi

Katika injini ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712, kazi yenyewe ilifanyika mvuke ulipokufa. Silinda ilijazwa mvuke, kisha ndani yake yakanyunyizwa maji baridi. Mvuke ukarudi kuwa maji, pakabaki utupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Tatizo lilikuwa makaa: silinda ile ile ilipozwa, ikapashwa moto, ikapozwa tena kila pigo. Mwaka 1765 James Watt, fundi wa vyombo huko Glasgow, alipata dawa yake: mvuke ukapozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake. Watu humsifu Watt kwa mvuke. Mimi namsifu kwa kuipa baridi mahali pake.

Sababu ya mafanikio hayo ilielezwa mwaka 1824 na mhandisi Mfaransa, Sadi Carnot. Alisema nguvu hutokana na joto kushuka kutoka penye moto hadi penye baridi, kama maporomoko ya maji yanavyozungusha gurudumu. Mvuke wa nyuzi 100 ukipozwa kwenye nyuzi 30, hata injini isiyo na kasoro haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 19 ya joto kuwa kazi. Lakini chukua joto la kawaida la nyuzi 30, ushushe upande wa baridi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri: kikomo kinapanda hadi asilimia 63, bila kuwasha hata kijiti cha kiberiti.

Hesabu hiyo iliwapumbaza wengine. Mwaka 1899, Mmarekani Charles Tripler alidai kwamba kwa galoni 3 za hewa iliyogeuzwa kimiminika angetengeneza galoni 10 nyingine. Haiwezekani. Kuipoza hewa kiasi hicho hula kazi nyingi kuliko itakayorudi.

Georges Claude, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Air Liquide, alilijua hilo vizuri, kwa hiyo akatafuta baridi ambayo tayari ipo. Mwaka 1930, kwenye ghuba ya Matanzas nchini Cuba, alizamisha bomba refu hadi kwenye maji baridi ya kina. Maji ya juu yenye uvuguvugu yalichemka ndani ya utupu, mvuke wake ukazungusha tabo, kisha ukapozwa na maji ya kilindini. Alipata kilowati 22. Pampu zilihitaji zaidi ya hapo, na baadaye dhoruba ikaliharibu bomba.

Jibu lililosimama lilipatikana Japani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Gesi asilia hufika huko melini ikiwa kimiminika cha nyuzi 162 chini ya sifuri, na lazima ipashwe joto kabla ya kutumika. Kampuni ya Osaka Gas ikaweka propani katikati: maji ya bahari yanaichemsha, inazungusha tabo, halafu ubaridi wa gesi unairudisha kuwa kimiminika. Hapo bahari ndiyo moto.

Tanzania nayo imepanga kusindika gesi yake iwe kimiminika huko Likong'o, Lindi. Kazi kubwa ya kuipoza itafanyika huku, na baridi itasafiri na meli hadi bandari ya mnunuzi. Kama bei itahesabu gesi peke yake, baridi hiyo tutakuwa tumemgawia bure.