Mawimbi ya tetemeko yanayotambaa juu ya ardhi ya Dodoma

Novemba 4, 2002, tetemeko la ardhi liliitikisa Dodoma na kuacha nyufa katika jengo la Bunge. Mji huo, ambao mwaka 1973 uliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi, upo mahali ambapo tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapenya katika miamba ya kale ya Tanzania ya kati. Miongoni mwa mipasuko ya ukanda huo ni ile ya Hombolo na Bubu.

Tetemeko hutoa mawimbi yanayopita ndani ya ardhi, ambayo hufika kwanza, na yale yanayosafiri juu yake, ambayo huchelewa lakini mara nyingi ndiyo yanayobomoa. Mwaka 1885, mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alionyesha kwa hesabu kuwapo kwa wimbi linaloiviringisha ardhi mfano wa bahari. Mwaka 1911, A. E. H. Love alieleza jingine, linaloisukuma ardhi kushoto na kulia.

Mwendo wa mawimbi hayo hutegemea ugumu wa kitu yanamopita. Katika mwamba mgumu na baridi huenda kasi. Katika udongo laini hupunguza mwendo na mtikisiko hukua. Ipo pia miamba ambayo chembe zake zimelala upande mmoja, na humo kasi ya wimbi hubadilika kulingana na uelekeo wake.

Mwaka 1994 na 1995, watafiti walitega vipima-tetemeko 20 nchini. Kwa kuwa mawimbi marefu hugusa kina kikubwa kuliko mafupi, ulinganisho wa kasi zake uliwawezesha kukadiria kuwa mzizi wa miamba hiyo ya kale unafika kilomita 150 hadi 200.

Hatari ya udongo laini ilidhihirika mwaka 1985, pale Mexico City, iliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale, ilipobomolewa na tetemeko lililotokea umbali wa zaidi ya kilomita 350.

Dodoma ina vilima vya matale na pia mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi. Nyumba mbili zilizo jirani, moja juu ya jiwe na nyingine mbugani, zaweza kutikiswa kwa nguvu tofauti.

Tangu Serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016, ujenzi umeongezeka. Udongo wa kiwanja unaweza kupimwa kwa mawimbi yaleyale: ardhi hugongwa kwa nyundo nzito, na vinasa-mtikisiko vilivyopangwa mstari hupima kasi ya wimbi kabla msingi haujachimbwa.