Kaburi la Nyali na Faraja ya Wakristo wa Pwani

Ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, upande wa bara wa Nyali, liko kaburi la mwanamke wa Kizungu aliyezikwa huko mwezi wa Julai 1844, yeye na binti yake mchanga. Yeyote atakaye kujua jinsi Wakristo wa pwani hii walivyojifunza kuomboleza pasipo kukata tamaa hana budi kuanzia hapo. Kwa maana Ukristo wa Wareno ulikuwa umekwisha ondoka pamoja na askari wao zaidi ya miaka mia kabla yake, na katika kazi mpya iliyoanza mwaka ule, kaburi lilitangulia kanisa, na maziko yalitangulia ubatizo.

Mume wa marehemu, Johann Ludwig Krapf, alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen katika Ujerumani, akatumwa Uhabeshi na Church Missionary Society ya Uingereza. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich nchini Misri, na haukupita muda mrefu ila msiba wao wa kwanza uliwakuta safarini nyikani, pale Rosine alipojifungua kabla ya siku zake binti ambaye uhai wake haukuzidi saa moja. Baba akambatiza kwa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi, akamzika chini ya mti kando ya njia. Na kwa kuwa nyikani hapakaliki, mama naye hakupata ila mapumziko haba, msafara ukaendelea. Walipofungiwa njia ya Uhabeshi walishika bahari hata Unguja, wakafika Januari 1844, na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, akawapokea kwa hisani na kuwaandikia waraka kwa maliwali wake.

Kutoka Unguja walikuja Mvita, na huko hawakukaa pamoja ila miezi michache. Mwezi wa Julai, Rosine alipokwisha kujifungua binti wa pili, homa ya pwani ilikuwa imeingia nyumbani, na Krapf mwenyewe alikuwa taabani. Tarehe 13 Rosine akafariki dunia, na siku chache baadaye mtoto akamfuata mama yake. Marehemu alikuwa ameusia azikwe bara, katika nchi ya Wanyika, kama walivyoitwa Wamijikenda zama zile, ili wapitao watakapoliona kaburi wakumbuke jambo lililowaleta wageni wale katika nchi yao. Na mume, ingawa maradhi yalikuwa yamemnyang'anya nguvu, aliutimiza wasia.

Kisha aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba kaburi lile na liwe kwao ishara ya kazi iliyokwisha kuanza, wala si ya kazi iliyoshindwa. Wako watakaodhani kuwa hayo ni maneno ya mtu mwenye moyo mkavu. Sivyo hata kidogo. Aliyemwita mwanawe Chozi hakuwa mgeni wa uchungu. Lakini Injili aliyoiamini yamwonyesha Bwana Yesu akilia kwa ajili ya Lazaro kabla ya kumfufua, na waraka wa Paulo kwa Wathesalonike hauwakatazi waumini kuhuzunika, bali huzuni ya wasio na matumaini ndiyo wanayokatazwa. Tafsiri ya kitabu cha Mwanzo, ambayo Krapf aliianza mwezi wa Juni kwa msaada wa kadhi mmoja wa Mvita, majuma machache tu kabla ya msiba, hakuiacha. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikapigwa chapa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki mwaka uliotangulia.

Agosti 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann walianza makao Rabai, katika nchi ile ile ya Wanyika, wakapanda kilima chake wote wawili wakiwa na homa. Huko nako tumaini lilipitia mlango ule ule, kwani mwongofu wao wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete, naye akabatizwa akiwa karibu na mauti. Rebmann alimzika mkewe mwaka 1866, lakini hakuondoka Rabai mpaka 1875, na kwa wakati huo nuru ya macho yake ilikuwa inazimika.

Mwaka huo huo wa 1875 kikaanzishwa kijiji cha Freretown, upande ule ule wa bara lilipo kaburi la Rosine, kwa ajili ya watumwa waliotolewa majahazini. Msiba wa watu hawa ulikuwa wa namna nyingine, tena mzito, maana hawakujua kama wazazi wao wako hai au wamekufa, wala hawakuwa na kaburi la kuliinamia. Walihudumiwa pia na Waafrika wenzao waliokuwa wamelelewa Nasik huko Bara Hindi, ambao nao waliwahi kuokolewa utumwani. Hivyo aliyefariji alikuwa amekwisha onja msiba ule ule. Watu wasio na ukoo wakapata ukoo kanisani, na mfu wao akapata wa kumzika.

Desturi ya matanga, ambayo ni ya pwani tangu kale, Wakristo hawakuitupa. Jamvi hutandikwa, majirani huja na unga, sukari na majani ya chai, wanawake wakalala ndani na mfiwa, wanaume wakakesha nje. Na Mkristo akaongeza humo zaburi, tenzi za rohoni na sala, na msalaba juu ya kaburi. Jirani Mwislamu naye huja kuhani, kama Mkristo aendavyo kwake.

Basi, msomaji wangu, utakapofika kwa mfiwa, usiharakie kumwambia asilie, wala usimhubirie kabla hujaketi naye jamvini. Mwachie machozi yake, mshike mkono, omba naye. Na matanga yakisha anuliwa, wakati watu wamekwisha tawanyika na nyumba imebaki na upweke wake, rudi tena ukamtazame, kwa maana hapo ndipo anapokuhitaji zaidi.